Mrenda wa Bara, Mulukhiya ya Misri: Mboga Ni Ile Ile

Ndugu msomaji, wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mimi nami nimetembea katika kiza hicho miaka mingi, na aliyenishikia taa hakuwa shekhe wala mwalimu, bali fungu moja la majani mabichi nililolinunua katika soko la Kongowea.

Anayekwenda Kongowea alfajiri anajua hali ilivyo. Malori yamekwisha kushusha vitunguu na nyanya, makuli wanapiga kelele za kupishwa njia, na upande wa mboga mama wamejipanga na mafungu yao. Sisi wenyeji wa mwambao tuna desturi yetu. Twaenda moja kwa moja kwa mchicha, au kisamvu kilichokwisha kutwangwa, au matembele, na siku ya haraka twachukua sukuma wiki. Mafungu mengine twayapita kama kwamba hayapo. Ukimuuliza mwenzako ni nini kile, atakujibu kwa mkato, "Hayo ni majani ya watu wa bara."

Siku hiyo mchicha ulikuwa umelala na bei imesimama. Mama mmoja kutoka upande wa Kakamega akaniona nasitasita, akaniambia, "Baba, chukua mrenda. Leo utakula vizuri." Majani yake yalikuwa membamba, marefu kidogo, yenye meno meno pembeni kama msumeno, na rangi yake kijani kibichi cha kupendeza. Nikamwuliza wapikaje. Akasema, "Tia magadi kidogo kwenye maji, yakichemka tia majani, koroga. Hakuna kazi."

Nikalichukua. Nyumbani tukafuata maagizo neno kwa neno, na maagizo yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa letu, kwani hatukujua tungoje nini. Sufuria ilipofunuliwa, mboga ilivutika kama uzi, ukiinua mwiko inafuata. Watoto walitazamana. Mdogo wao, ambaye hajajifunza bado kuficha yaliyo moyoni, akatamka neno ambalo sitaliandika hapa kwa heshima ya msomaji aliye mezani. Sufuria ikarudi jikoni karibu kama ilivyotoka.

Hapo mambo yangekwisha, na mimi ningeendelea kuyapita mafungu yale. Lakini jioni alikuja mpwa wangu, binti wa dadangu, aliyerudi mwaka huo kutoka Jeddah alikokuwa akifanya kazi ya nyumbani. Akafunua sufuria, akanusa, akachovya kidole. "Mjomba," akasema, "hii si mulukhiya? Miaka minne nimeipika hii. Tajiri wangu mke alikuwa Mmisri, na Ijumaa haipiti bila ya mulukhiya. Lakini nyie mmeiharibu. Thomu yake iko wapi?"

Mama yetu mzee, aliyekuwa ameketi mkekani akisikiliza, naye akaongeza lake. "Mulukhiya siijui. Lakini huo ni mlenda. Sisi tukiuchuma utotoni baada ya mvua, ukiota wenyewe. Nyie ndio hamkutaka kuujua."

Basi, msomaji, katika nyumba moja na katika sufuria moja, mboga ile ile ilikuwa na majina matatu: mrenda, mulukhiya na mlenda. Kwa jina la kwanza ilikuwa chakula cha wageni tusiokitaka. Kwa jina la pili ilikuwa chakula cha heshima cha nchi za Kiarabu. Na kwa jina la tatu ilikuwa yetu wenyewe, tuliyoisahau. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MMEA MMOJA, NCHI NYINGI

Wataalamu wa mimea huuita mmea huu kwa Kilatini Corchorus olitorius. Si mmea wa kabila moja wala wa nchi moja. Waluo huuita apoth, na Waluhya huuita murere au mrenda. Kule Nigeria Wayoruba huuita ewedu, nao huupika ukawa mchuzi laini wa kulia tonge. Watunisia huyakausha majani yake na kuyasaga yakawa unga, kisha huupika unga huo kwa mafuta ya zaituni na nyama ya ng'ombe saa nyingi mpaka mchuzi ukawa mweusi mzito. Hata Wajapani, ambao zamani hawakuwa wakiujua, waliupokea kutoka Misri katika miaka ya 1980, na leo wanaulima na kuula kwa jina lile lile la Kimisri walilolitamka kwa ndimi zao.

Lakini Misri ndiko mboga hii ilikopata sifa kubwa. Huko husimuliwa kuwa jina lenyewe latokana na wafalme, yaani mboga ya kifalme. Na wanahistoria wameandika kisa cha ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 11, khalifa wa Kifatimi aliyeitwa al-Hakim, aliyetawala Cairo kuanzia 996 hadi 1021, aliipiga marufuku mulukhiya isiliwe. Sababu iliyotajwa ni kwamba mboga hiyo ilisemekana kupendwa na Muawiya, ambaye Mafatimi walimhesabu kuwa hasimu. Fikiri, msomaji! Jani la shambani likatiwa katika ugomvi wa watawala, likahukumiwa si kwa ladha yake wala kwa madhara yake, bali kwa jina la aliyelipenda. Khalifa akaondoka, marufuku ikaondoka, na Wamisri wangali wanakula mulukhiya mpaka hii leo.

Tusimcheke al-Hakim. Sisi nasi tumekuwa tukifanya lile lile pale Kongowea bila ya kuwa na ukhalifa wowote. Hatukuikataa mboga, tulimkataa anayeila.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mji wa bandari kama Mombasa ni la kuchekesha. Mmea huu pamoja na ndugu yake wa karibu ndio utoao nyuzi za magunia. Nyuzi za juti zilizoitajirisha Bengal, na ambazo mpaka leo zalimwa kwa wingi India na Bangladesh, zinatoka katika shina la mimea hii. Babu zetu waliobeba magunia ya mchele bandarini, na wake zao walioshona magunia hayo yakawa matandiko, walikuwa wakiushika mlenda kila siku mabegani mwao. Wabengali nao wakisha kuvuna nyuzi hawatupi majani machanga, wanayala. Sisi tulipokea gunia, tukaliacha jani.

DINI YASEMAJE

Huenda msomaji mcha Mungu akauliza juu ya chakula kigeni. Jawabu lake si gumu, na maulamaa wetu wamelifundisha tangu zamani: asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mboga itokayo ardhini, isiyolevya wala kudhuru, haina shaka yoyote.

Lakini dini haikufundisha halali na haramu tu. Ilifundisha na adabu pia. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia kasoro chakula. Akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Na kipo kisa kingine kinachojulikana sana, cha siku alipotengewa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani. Aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa sivyo, ila mnyama yule hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake, kwa hivyo nafsi yake haikumpenda. Khalid akamla, na Mtume akimtazama.

Mafunzo mawili yamo katika kisa hicho, nasi aghlabu hushika moja tukaacha la pili. La kwanza, mtu ana haki ya kutokipenda chakula asichokizoea. Hapana wa kumlazimisha. La pili, kutokukizoea kwake si hukumu juu ya chakula hicho, wala si hukumu juu ya anayekila. Mmoja aliuondoa mkono, mwingine akala, sinia moja, na hakuna aliyemdharau mwenziwe. Ni wangapi miongoni mwetu huweza kusema "mimi sikuzoea" bila ya kuongeza "kile si chakula cha watu"?

MGENI WA JANA, MWENYEJI WA LEO

Wako watakaosema, sisi tuna mapishi yetu ya kale na hatuna haja ya kuazima. Haya, tuyatazame mapishi hayo ya kale.

Kisamvu, ambacho hakuna arusi ya mashambani isiyokijua, ni jani la muhogo. Muhogo wenyewe haukuwa mmea wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa na merikebu za Wareno. Matembele ni jani la kiazi kitamu, nacho kilitoka Amerika. Mahindi tunayosongea sima yalitoka huko huko, na pilipili, na nyanya, na papai, na nanasi, na korosho. Hata mnazi, ambao bila ya tui lake hatujioni kuwa ni Waswahili, ulikuja kwa njia ya bahari kutoka mashariki mwa Bahari ya Hindi. Na sukuma wiki, iliyoenea Kenya nzima, ni ya ukoo wa kabichi za Ulaya.

Basi palikuwa na siku, katika nyumba fulani ya mwambao, mtu wa kwanza alipoletewa jani la muhogo. Hapana shaka naye alilitazama kwa jicho la upande. Na alikuwa na sababu kubwa kuliko yangu, kwani jani la muhogo likiliwa bichi lina sumu. Ilibidi mtu ajifunze kulitwanga katika kinu, kulichemsha muda mrefu, kisha kuliunga kwa nazi. Elimu hiyo haikushuka siku moja. Ni akina mama waliojaribu, wakakosea, wakarudia, wakafundishana. Leo tunakiita kisamvu chakula cha mababu, na kweli ni cha mababu, kwa kuwa mababu hao hawakuogopa kujaribu.

Upande wa pili, mlenda, ambao umeota katika ardhi ya Afrika tangu kale, tumeufanya mgeni. Hapa ndipo mambo yalipopinduka: mgeni tumempa kiti, na mwenyeji tumemwuliza ametoka wapi.

Na anayeukataa kwa sababu unateleza namwuliza swali moja. Je, bamia huli? Bamia twaila kwa samaki, twaila kwa nyama, twaitia katika mchuzi, na utelezi wake tumeuzoea hata hatuuoni. Wataalamu wa mimea siku hizi wameuweka mbamia na mlenda katika ukoo mmoja. Atakayeipokea bamia mezani akamfukuza nduguye mlangoni hana hoja. Ana mazoea tu.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU LEO

Msomaji anaweza kuniambia kuwa haya ni mazungumzo ya jikoni, na gazeti lina mambo makubwa zaidi. Sikubali. Jikoni ndiko mambo makubwa yanakofikia.

Kwanza, kuna mfuko. Mji wa Mombasa haujilishi mboga. Sehemu kubwa ya sukuma, kabichi, karoti na vitunguu vyetu hutoka mbali, milima ya Taita, mikoa ya kati na hata ng'ambo ya mpaka Tanzania. Mafuta ya gari yakipanda, fungu lapungua. Mvua ikikosekana, fungu lapungua tena. Tuliliona hilo tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilipofeli misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za nchi, zikiwemo Kilifi, Kwale na Tana River. Kisha mwisho wa 2023 mvua zikaja kwa gharika. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mlenda ni mmea wa joto, nao umelijua joto letu. Ukipandwa wakati wa mvua, huchumwa baada ya majuma kama sita, na ukikatwa ncha huchipua tena. Hauhitaji shamba kubwa. Kitalu cha uani, hata karai bovu lililojaa udongo na samadi, chatosha fungu la nyumba.

Pili, kuna afya. Majani haya yana madini ya chuma na chokaa, na vitamini A na C kwa wingi, na foleti ambayo mama mja mzito huhitaji. Hapa kwetu kila nyumba siku hizi ina mgonjwa wa sukari au wa presha. Sahani zetu zimejaa wali, viazi karai, mahamri na chai ya sukari, na mboga ya majani imekuwa kijiko kimoja pembeni, kama pambo. Sisemi mlenda ni dawa. Mwenye maradhi aende kwa daktari. Nasema sahani yenye aina nyingi za majani ni bora kuliko sahani yenye aina moja, sembuse isiyo na jani kabisa.

Tatu, kuna elimu, na hapa nchi yetu imefanya jambo la kusifiwa ambalo sisi wa mwambao hatukulishughulikia vya kutosha. Kwa miaka mingi wataalamu wa Makavazi ya Taifa walikuwa wakizunguka nchi kuandika majina ya mimea inayoliwa. Mnamo 1999 Patrick Maundu na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya chakula cha asili ya Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amejulikana duniani kwa utafiti wake juu ya mboga za kienyeji, yeye ambaye utotoni mwili wake ulikuwa ukikataa maziwa, mayai na samaki, akakulia juu ya mboga hizo hizo. Mnamo 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Mimea ya kienyeji ipatayo 850 ilikuwa imekwisha kuorodheshwa pamoja na majina yake. Katika jamii zilizoanza kuandikiwa mapishi yao walikuwamo Waisukha wa Kakamega, ambao mrenda kwao si habari mpya.

Sasa niulize: ni nani anayeandika ya kwetu? Mlenda, mnavu, mgagani, mchunga, ni majina ya Kiswahili, na wazee wangali wanayajua. Lakini kijana wa Mombasa leo akitaka mnavu husema "managu", na akitaka mgagani husema "saga", kwa kuwa amelisikia jina hilo sokoni kutoka kwa muuzaji wa bara, na hakulisikia la kwao nyumbani. Si kosa la muuzaji. Yeye alilihifadhi lake. Sisi tuliliacha letu mpaka likaanza kusahaulika, kisha tukaiona mboga nzima kuwa ni ya kigeni.

MBEGU KATIKA KARATASI

Nne, kuna jambo la sheria. Niliporudi kwa yule mama wa Kakamega kumsimulia kisa cha mulukhiya, alicheka sana. Akafunua bahasha ya karatasi iliyosokotwa, akanimiminia mbegu ndogo nyeusi mkononi. "Mpe mpwa wako," akasema. "Akipanda, na mimi anirudishie nyingine."

Hivyo ndivyo mbegu za mboga hizi zinavyotembea tangu kale, kutoka mkono wa mama hadi mkono wa mama. Lakini kwa miaka kadhaa ukarimu wa namna hiyo ulikuwa na hatari. Sheria ya mbegu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliwabana watu wasiuze wala kubadilishana mbegu zisizosajiliwa na kuthibitishwa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda mkulima na mbegu mbovu, na ni kweli mbegu mbovu zimewatia hasara wengi. Walakin kumlinda mnunuzi wa dukani ni jambo moja, na kumtia hofu bibi anayempa jirani yake ukofi wa mbegu za mlenda ni jambo jingine. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kuwa vifungu vilivyowazuia wakulima kuweka, kupeana na kubadilishana mbegu zao vinapingana na katiba.

Kwa mboga kama hizi uamuzi huo ni mkubwa. Aghlabu mwenye kutaka mbegu zake huenda kwa jirani kabla ya kwenda dukani. Ukikata mkono unaotoa na mkono unaopokea, mboga yenyewe hufa kimya kimya, wala hakuna atakayeandika tanzia.

HOFU YENYE HAKI YAKE

Nisije nikadhaniwa natukana watu wangu. Ipo hofu ya kweli nyuma ya maneno "chakula cha bara". Mtu wa mwambao ameona ardhi ikienda, kazi zikienda, lugha yake ikinenwa na kila mtu kwa lafudhi nyingine, na jikoni kwake ndiko mahali pa mwisho ambapo bado anajiona yuko kwao. Akiambiwa na huko nako abadilike, hukasirika. Hasira hiyo yafahamika. Na tunajua ilipotufikisha ilipoachiwa itawale: mwaka 1997, kule Likoni, damu ya majirani ilimwagika na familia nyingi za watu wa bara zikakimbia na virago vyao.

Lakini utamaduni haulindwi kwa kufunga mlango wa jiko. Aliyeleta muhogo hakuiua nazi. Nazi ndiyo iliyouingia muhogo ukawa Mswahili. Mrenda nao ukiingia katika sufuria yetu utatoka na ladha yetu. Kinachouwa mapishi ni kutokuyapika na kutowafundisha watoto, na hilo tunalifanya sisi wenyewe kila jioni tununuapo chipsi barabarani.

JINSI TULIVYOUPIKA

Baada ya maneno mengi, nampa msomaji aliye tayari njia mbili zilizotufaa.

Njia ya kwanza ni ya mpwa wangu. Chambua majani, acha vikonyo vigumu na maganda ya mbegu. Mbegu zisiliwe kabisa, zina sumu. Osha, anika kidogo maji yakauke, kisha katakata laini sana. Chemsha kuku upate supu nzuri, iungwe kwa kitunguu, hiliki na pilipili manga. Supu ikichemka tia majani, koroga, na punguza moto; yasichemke kwa nguvu wala muda mrefu. Pembeni, kaanga thomu nyingi iliyopondwa kwa samli pamoja na giligilani ya kusaga mpaka inukie na kugeuka rangi, halafu mimina ikiwa moto juu ya mboga. Sauti yake ikisikika, jirani atauliza. Kuliwa kwake ni kwa wali mweupe na ndimu.

Njia ya pili ni ya nyumbani kwetu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia dagaa au kamba wakavu waliooshwa, tia tui jepesi na pilipili mbichi. Likichemka tia majani, kisha malizia kwa tui zito na ukwaju, au vipande vya embe bichi. Siri iko katika ule ukali. Magadi huzidisha utelezi na huharibu baadhi ya vitamini, ila humfaa aliyezoea. Ukwaju na ndimu huupunguza. Tulilijua hilo zamani katika bamia, tukashindwa kulikumbuka siku ile ya kwanza. Kula kwa sima.

Anayetaka kupanda na ajue kuwa mbegu ina ganda gumu na huchelewa kuota. Itie katika kitambaa, ichovye katika maji ya moto kwa sekunde chache tu, kisha itie katika maji baridi na uipande. Na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari wake kabla ya kuzidisha majani ya kijani ya aina yoyote.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, ilitengwa sinia. Mdogo wetu, yule mwenye ulimi mwepesi, aliitazama mulukhiya ile, akala kijiko, akanyamaza. Akala cha pili. Nikamwuliza, "Vipi?" Akajibu, "Hii si ile." Sikumwambia kuwa ni ile ile. Kiza hicho nimemwachia aje akitoke mwenyewe, siku atakapokwenda Kongowea na mkoba wake.